Tandiko Linalonukia Nazi

Ulimwona. Usiniambie hukumwona. Jumatatu saa saba mchana, pale Mikindani ambapo punda wa maji husubiri kivulini, gari jeupe lilisimama na wanaume watatu wakashuka. Ulikuwa umeshika mfuko wako wa sukuma wiki. Ulikuwa unanunua vocha. Ulikuwa juu ya pikipiki unangoja abiria. Ukaona mwanamume mfupi mwenye aproni ya ngozi anashikwa mikono miwili na kusukumwa ndani ya gari, ukaona kiatu chake kimoja kimebaki kwenye vumbi, na hapo hapo simu yako ikawa na jambo la maana sana la kusoma. Nakujua. Hata mimi nimewahi kusoma simu iliyozimwa.

Mwanamume huyo ni Kitsao, mdogo wangu. Mimi naitwa Dama. Kiatu kiliokotwa na Mwikali, mama anayepika maharagwe mlango wa pili kutoka banda letu. Aliniletea amekifunga kwa gazeti, taratibu, kama mtu anayeleta kitu cha maiti. Nikamwambia akitoe kwenye gazeti. Kitsao hajafa. Nimeandika maneno hayo mawili na sasa nayatazama, sijui kama ni kweli.

Basi keti nikueleze tangu mwanzo, ili usije ukasema hukuambiwa.

Kitsao ni fundi wa ngozi. Kazi yake kubwa ni mikanda na hatamu za punda wanaovuta maji, na kazi ikipungua hushona makubadhi na majalada ya Biblia. Alifunzwa na marehemu baba. Mimi namsaidia upande wa pili wa mshono, maana mshono wetu una sindano mbili, moja inaingia huku na nyingine inatoka kule katika tundu lile lile linalotobolewa na msharasi, chuma chetu chenye ncha. Kila kazi ikikamilika, Kitsao humimina mafuta ya nazi kiganjani, huyapasha moto kwa kusugua viganja, kisha huipaka ngozi hadi iyanywe yote. Baba alifanya hivyo. Ngozi ya huku kwetu usipoipaka mafuta, wiki moja tu imeota ukungu kama mkate. Mafuta nayakamua mimi mwenyewe nyumbani. Banda lote linanuka nazi, nguo zetu zinanuka nazi, na sisi wenyewe tulishaacha kuisikia harufu hiyo zamani.

Mwezi wa nane, mchana wa jua kali, aliingia mtu amebeba gunia. Kijana wa bara, msafi, viatu vyeupe, sauti ya chini. Akasema anaitwa Kefa.

"Niaje fundi. Naskia wewe ndio daktari wa punda."

"Mimi ni fundi wa mikanda," Kitsao akajibu. "Daktari wa punda yuko Changamwe, na siku hizi anatibu mbuzi tu."

Akacheka, tukacheka. Kisha akafungua gunia.

Lilikuwa tandiko la farasi. Si la farasi wa watalii ufukweni. Lilikuwa tandiko la kijeshi, la zamani sana, matao mawili ya chuma mbele na nyuma yakishikiliwa na mbao mbili ndefu za ubavuni, na kiti cha ngozi nyeusi kilichopasuka kama ardhi ya kiangazi. Vikuku vya kukanyagia havikuwepo tena. Kitsao aliacha alichokuwa akifanya. Alilishika kama mtu anayepokea mtoto.

"Hii ni ya vita vya kwanza vya dunia," Kefa akasema. "Kuna mdosi ako na hoteli, anapenda vitu vya vita. Anataka ingine kama hii. Ikae imezeeka. Mtu akiziweka zote mbili hapo, asijue mama ni gani na mtoto ni gani."

Kitsao akaligeuza. Chini ya bawa la kushoto, ile ngozi inayoning'inia ubavuni, palikuwa na maneno ya Kizungu yaliyochomwa kwa chuma cha moto, mistari minne.

"Na haya?"

"Hayo wacha. Mteja hataki maandishi. Hapo chini iwe tupu."

Ndipo nikajichoma sindano kwenye kidole gumba, mpaka ndani.

"Vipi mathe?" Kefa akanigeukia. "Umeona nyoka?"

"Sindano," nikasema, nikakinyonya kidole ili nisionyeshe uso wangu.

Maana tandiko lile nalijua. Nalijua tangu nilipokuwa na miaka mitano. Lilikuwa likining'inia juu ya meko katika nyumba ya Hawe Nyamvula, na sisi watoto tulikuwa tukipanda juu ya kinu ili tulinuse. Lilinuka moshi, na chini ya moshi, mafuta ya ng'ombe yaliyooza zamani sana. Tulikuwa tukishindana nani ataivumilia harufu ile mpaka hesabu ya kumi.

Kwetu bibi mzaa mama au mzaa baba huitwa hawe, na Nyamvula ni hawe wa kila mtu anayeishi Kwa Mweri, upande wa Kisauni, mahali tulipozaliwa mimi na Kitsao na mahali mama alipozikwa. Mweri alikuwa babu yake. Mwaka wa 1916 jeshi la Waingereza lilifika pale na nyumbu wengi wa mizigo, na ofisa mmoja akaomba kuazima shamba awaweke wanyama wake hadi vita viishe. Mweri hakujua kusoma. Akasema, sawa, lakini niachie kitu kitakachosema kwa niaba yangu nikifa. Farasi wa ofisa alikuwa amekufa kwa mbung'o wiki ile. Basi akatoa tandiko, akatia chuma motoni, akaandika: shamba hili ni la Mweri, kutoka kisimani hadi mikokoni, jeshi limeliazima, litarudishwa. Akatia tarehe na jina lake.

Halikurudishwa. Vita vikaisha, ramani ikachorwa, na kwenye ramani Mweri hayumo. Karatasi ya shamba ikapita mkono huu na mkono ule, serikali hii na serikali ile, hadi leo imo mikononi mwa kampuni inayotaka kujenga majumba ya ghorofa. Sisi tuko nyumba mia mbili juu ya shamba hilo. Mwaka wa sabini na nane tingatinga lilikuja asubuhi. Hawe Nyamvula, akiwa na mimba ya miezi saba, aliliweka tandiko chini mbele ya tingatinga akalikalia. Dereva akazima injini akaomba maji ya kunywa. Tisini na tatu likaja tena, akalikalia tena. Wewe umesahau. Mimi sisahau, nilikuwa pale nimeshika leso yake.

Mwaka huu mwezi wa pili, ofisi ya ardhi inayosikiliza kesi yetu ilimtaka Hawe awasilishe tandiko kama ushahidi. Akalipeleka mwenyewe. Akapewa karatasi yenye muhuri. Kesi ingesikilizwa mwezi wa kumi na moja. Sasa niambie, kitu kilichofungiwa ofisini kilifikaje Mikindani ndani ya gunia mwezi wa nane?

Kefa alipoondoka, Kitsao alikuwa bado hajui. Yeye alikuwa mchanga siku za kupanda kinu. Nilipomwambia, alikaa chini juu ya magome ya mkoko tunayotilia ngozi rangi.

"Tulirudishe kwa Hawe," akasema.

"Tukilirudisha, kesho ofisi itasema limeibiwa, na litapatikana nyumbani kwake. Nani mwizi?"

"Basi nikatae kazi."

"Atampa fundi mwingine. Na sisi tumeshaliona."

"Basi nitengeneze, halafu nimpe langu, nibaki na hili."

"Atageuza, Kitsao. Atatazama kama maneno yapo. Ndiyo kitu pekee anachokijua."

Akaniuliza kuhusu polisi. Jibu lilikuja siku ya tatu, Kefa alipofika kuona kazi imefika wapi. Dereva wake hakushuka garini, lakini alifungua mlango kutema mate, nikaziona buti zake na suruali yake. Sitasema zaidi. Hakuna aliyeuliza tena habari za polisi.

Basi tuliogopa. Nataka liandikwe hivyo. Tuliogopa, tukafanya kazi.

Na kazi ilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililonitia hofu kuliko yote. Kitsao alitafuta mvule mkavu wa mlango wa zamani akachonga mbao za ubavuni. Matao akayapeleka kwa mhunzi, akayarudisha mara tatu mpaka yakalingana na yale ya zamani hata mahali yalipopinda. Ngozi mbili nene aliziloweka kwenye maji ya magome ya mkoko, akazitoa, akazisugua na majivu na majani ya chai, akazipiga kwa mnyororo. Vitambaa vya chini alivikata kwenye blanketi zito la zamani na kuvishindilia. Kisha alihesabu mishono ya yule fundi wa Uingereza aliyekufa miaka mia iliyopita: minane kwa upana wa kidole gumba. Akashona minane. Alipokosea akashona tisa, alifumua.

"Unafumua ya nini?" nikamuuliza. "Si bora likosewe?"

"Akiona limekosewa atajua nimemfanyia makusudi." Lakini hakuwa akinitazama. Alikuwa akilitazama tandiko. Alikuwa amelipenda.

Wiki moja nzima alimfunga punda mmoja tandiko hilo, punda aliyekuwa akipanda na kushuka na mitungi ya maji toka asubuhi, ili jasho na vumbi vifanye kazi ambayo mkono hauwezi kuifanya. Watu walicheka barabarani. Mwikali akatoka na mwiko mkononi.

"Woi! Kitsao, huyo punda wako amejiunga na jeshi?"

"Amepandishwa cheo, mama. Mpigie saluti."

Mwikali akapiga saluti kwa mwiko, maharagwe yakamdondokea begani. Hiyo ilikuwa mara ya mwisho kusikia kicheko bandani kwetu kwa muda mrefu.

Kefa alikuwa akija kila baada ya siku tatu nne. Hakupiga kelele kamwe. Aliketi kwenye kigoda chetu, akasifu, na kila mara aliacha neno moja dogo.

"Kwaya yenu Jumapili iliimba vizuri, mathe. Wewe huwa safu ya nyuma, karibu na dirisha, ama?"

Mimi sikuwahi kumwambia nasali wapi.

Mara nyingine alishika mkebe wa nta, akaunusa, akaurudisha. "Fundi, hapa kuna nta, kuna gundi, kuna mafuta, kuna ngozi kavu. Cheche moja tu. Mnalala huko nyuma, si ndio?"

"Ndiyo," Kitsao akasema.

"Mjichunge."

Na siku moja mwishoni mwa mwezi wa tisa aliingia akasimama mlangoni, kivuli chake kikaangukia kazi yetu. Hakuketi.

"Kumbe nyinyi ni watoto wa Kwa Mweri," akasema.

Msharasi wa Kitsao ulisimama ndani ya ngozi. Nilisikia sufuria ya Mwikali ikitokota. Nilisikia lori likibadilisha gia mlimani. Sikusikia pumzi yangu.

"Hakuna noma," Kefa akaendelea. "Hata ni vizuri. Mtu wa huko ndio anajua kunyamaza. Huko watu watahama, hiyo imeshapangwa. Lakini mtu akikaa vizuri na sisi, anaweza tafutiwa chumba mahali." Akatabasamu. "Ijumaa nakuja kuchukua."

Kuanzia siku hiyo sikulala. Nilikuwa nikijinyoosha upande wa mlango na ndoo ya maji karibu na mkono. Kitsao aliacha kula. Uzi ulikuwa ukimponyoka tunduni, na mishono ya mwisho ilibidi nimshikie kiganja.

Ijumaa Kefa alifika saa tatu asubuhi, kabla hatujawa tayari. Akaegemea mlango, akatazama saa yake. Kitsao alikuwa anakaza mkanda wa mwisho. Jasho lilimtiririka puani likadondokea kwenye ngozi, akalifuta kwa kiwiko.

"Fundi, maliza."

"Namaliza."

Akafunga fundo, akakata uzi. Na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye chupa. Akamimina mafuta kiganjani, akasugua viganja vyake, akapaka. Kiti, mabawa, mikanda, na chini ya bawa la kushoto pale palipokuwa patupu. Mimi nilikuwa namtazama kwa macho yangu yote mawili na sikuona kosa lolote, kwa sababu nimemwona akifanya hivyo mara elfu kumi. Ungeniuliza jioni ile kama Kitsao alipaka tandiko mafuta, ningekuuliza kwani mtu akitoka nyumbani hufunga mlango?

Kefa alikunja pua.

"Mathe, unapika nini leo?"

"Sipiki mimi. Ni Mwikali, maharagwe ya nazi."

"Hii pwani yenu! Kila kitu nazi. Mtanizika na nazi." Akacheka. Akayageuza matandiko yote mawili, akahakikisha moja lina maneno na jingine ni tupu, akayatia kwenye magunia mawili. Mlangoni akageuka. "Kazi safi. Sasa sahauni."

Tukajaribu. Wallahi, na mimi ni Mkristo, tulijaribu kusahau.

Hawe Nyamvula hasahau. Kila mwisho wa mwezi huenda ofisini kulitazama tandiko lake, na kwa kuwa ana mtoto wa jicho macho yote mawili, lazima mtu amwongoze. Mwezi wa nane na wa tisa aliambiwa limepelekwa kupigwa picha za kesi, arudi mwezi ujao. Mwisho wa mwezi wa kumi zamu ilikuwa yangu. Ningekataa ningesema nini? Nikamshika mkono.

Karani ni kijana mpole. Alimwamkia shikamoo, Hawe akaitikia marahaba mwanangu, akauliza hali ya mke wake na ya meno yake, maana mwezi uliopita alikuwa anaumwa jino. Kisha karani akatuonyesha rafu iliyo nyuma ya meza yake. Tandiko lilikuwa juu pale, na kijikaratasi chenye namba kimefungwa kwenye tao la mbele.

"Lile pale, hawe. Liko salama."

"Nilete karibu."

"Halishikwi. Ni ushahidi."

"Nani anataka kulishika? Nataka kulisalimu."

Karani akacheka, akainua ubao wa meza, akatupitisha. Hawe akainama mpaka pua yake ikakaribia kugusa ngozi. Akakaa hivyo. Akavuta pumzi. Akavuta tena.

"Lanukia nazi," akasema.

"Labda ni mafuta yako ya nywele, hawe."

"Mimi leo nimejipaka mafuta ya mgando, ya dukani." Akanusa mara ya tatu. "Tandiko la babu yangu lanuka ng'ombe na moshi. Hili lanukia wali. Dama, hebu ligeuze uniambie kama maneno yapo."

Kicheko cha karani kilikatika. Alinitazama usoni, kisha akatazama mikono yangu. Vidole vyangu vilikuwa na rangi nyekundu ya magome ya mkoko, ile isiyotoka hata ukisugua na jiwe. Nikaificha mikono chini ya leso.

"Dama?" Hawe akaita. "Yapo?"

Alikuwa ameelekeza macho yake meupe kwangu. Huyu ndiye aliyekalia tandiko mbele ya tingatinga nikiwa nimeshika leso yake.

"Halishikwi, hawe," nikasema. "Twende, jua linakuwa kali."

Nikageuza uso. Umeona sasa kwa nini nakujua? Najua uso unavyogeuka, unavyokuwa mwepesi, unavyojifanya umeitwa na jambo jingine.

Jioni ile nilimweleza Kitsao. Aliichukua chupa ya mafuta, akaitazama kwenye mwanga kama haijui.

"Ni mkono, dada," akasema. "Sikukusudia. Mkono umefanya wenyewe."

"Najua."

"Miezi miwili nahesabu mishono ya mzungu. Halafu napaka nazi." Na akaanza kucheka, kwanza kidogo, kisha mpaka machozi yakamtoka. "Ofisa gani wa Kiingereza alipaka tandiko lake nazi, Dama? Hata mtoto atanusa ajue. Na haitoki! Mafuta yakishaingia kwenye ngozi hayatoki, hata walioshe. Kila siku itazidi kunuka."

"Kitsao, nyamaza."

"Siku ya kesi wataligeuza mbele ya watu, waseme maneno yako wapi, huyu kikongwe ametuongopea miaka yote. Nami nitasimama niseme hili si lake, ni langu. Nusa. Hii chupa. Hiki kipande kilichobaki, hebu linganisha."

"Watakuua."

Aliokota kipande cha ngozi chini ya meza, akakikunja, akakikunjua.

"Naogopa," akasema. "Usifikiri siogopi. Lakini nikikaa kimya siku hiyo, nitakuwa nimelishona mara mbili."

Nilimsihi. Nilipiga magoti. Nilimtajia mama, nikamtajia banda, nikamtajia cheche. Alisema ataenda, tena ataenda na aproni yake. Kesi ilipangwa kuwa Alhamisi. Jumapili alikwenda Kwa Mweri, akamwambia Hawe ukweli wote, akapigwa kofi moja na Hawe, kisha akapewa chai. Jumatatu saa saba mchana gari jeupe likasimama.

Karani aliona mikono yangu. Naamini ndiye aliyesema. Au mtu alimwona Kitsao Kwa Mweri. Sijui. Simu ya Kitsao imezimwa. Nimekwenda vituo vitatu, na vyote vimeniambia hawana mtu wa jina hilo, na katika kimoja aliyenijibu hakuinua hata macho kutoka kwenye kitabu chake. Chupa ya mafuta ninayo. Kipande cha ngozi ninacho. Nimevitoa bandani na sitakuambia viko wapi. Usiku wa jana kuna mtu alisimama nje ya dirisha langu muda mrefu, kisha akaenda zake. Viatu vyake vilikuwa vyeupe.

Leo ni Jumatano. Naandika haya juu ya meza ya Mwikali, na yeye amefunga sufuria zake bila kuuza hata sahani moja. Alipoulizwa na wateja kuna nini, alisema, "Mimi si wa hapa, lakini hapa ndipo ninapolala, na yule mtu alikuwa akinishonea viatu." Amekariri namba za gari. Ataziimba mbele ya yeyote atakayeuliza. Hajaulizwa.

Hawe Nyamvula yuko kwenye lango la ofisi tangu saa moja asubuhi. Ameketi juu ya gunia, kiatu cha Kitsao mapajani. Askari wa lango amemwambia aondoke mara mbili, naye amemwambia yeye ni kipofu, haoni njia ya kuondokea. Anakaa pale kwa sababu tandiko limo ndani, na anajua wanachokijua wao sasa: kwamba linanuka. Ofisi hufungwa saa kumi na moja. Baada ya hapo, ikiwa langoni kuna bibi mmoja tu, litatolewa, litaungua kwa bahati mbaya, na kesho watasema ushahidi umepotea, na ya kwetu yameisha. Na Kitsao hatakuwa na kazi nyingine kwao, wala hawatakuwa na sababu ya kumwacha hai.

Kwa hivyo sikuombi unionee huruma, na usiniambie utaniombea. Maombi yaje na miguu. Nataka pua yako. Nataka pua mia mbili kwenye lango lile kabla ya saa kumi na moja, na zikae hapo hadi kesho saa tatu, tandiko litolewe mbele ya macho ya watu, na kila mmoja ainame anuse aseme kwa sauti anachokisikia. Wanaweza kumpoteza fundi mmoja. Watu mia mbili walionusa watawapeleka wapi? Na kila anayeinama amuulize karani, amuulize askari, amuulize yeyote mwenye buti: Kitsao yuko wapi?

Ulikuwa na mfuko wa sukuma Jumatatu. Ulikuwa juu ya pikipiki. Leo unayo karatasi hii mkononi, na sasa hivi ni saa nane na nusu. Mpe karatasi mtu aliye karibu nawe. Vaa viatu vyote viwili. Inuka, twende.